Kikopo cha Mbegu za Kiduha

Watu wa ukweni wakitaka kunitania hadi leo huniuliza kama nimeleta maua. Sasa mimi ni bibi, meno yamebaki ya kuhesabika, na bado swali hilo hunipandisha damu kidogo kabla sijacheka. Ngoja nieleze mwenyewe lilivyoanza, maana likisimuliwa na wengine hutiwa chumvi mpaka haliliki.

Nilizaliwa upande wa Ushirombo, kwa Wasumbwa, nyumba yetu ikiwa ukingoni mwa msitu. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama akabaki na shamba moja la ulezi, na shamba hilo ndilo lililotulisha na kutuvisha. Hatukuwa na ng'ombe, wala mjomba mwenye duka. Ulezi ukikubali, tulikula. Ukikataa, tulikwenda kwa majirani na kapu, tukiangalia chini. Mlishike hilo la shamba, kwa sababu ndilo kisa chenyewe.

Ugonjwa wa maua niliupata misheni. Kila sikukuu ya Ekaristi wasichana tulitumwa porini kuchuma maua ya kumwaga njiani mbele ya maandamano, na mimi nilikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Nilijua ua gani litanyauka kabla ya Injili na lipi litavumilia mpaka baraka. Mbegu pia nilizikusanya, hasa zile za mchunga zenye manyoya, ambazo ukizipuliza zinaondoka kama zimeitwa mahali. Nilimpelekea mama mbegu za kila namna, naye alikuwa na mchezo wake: alisimama kwenye kichuguu mwanzo wa shamba, upepo ukimpiga mgongoni, akazirusha. Alisema upepo una macho, utazipeleka zinakotaka kukaa. Mwaka uliofuata tulipata mchunga wa kula na ugali, na maua ya manjano ya kuangalia. Kwetu ua la mwitu halikuwahi kumdhuru mtu.

Katikati ya miaka ya hamsini nikaolewa. Mwanamume mwenyewe alikuwa Msukuma wa vijiji vya karibu na Maganzo, akifanya kazi mgodi wa dhahabu huko Geita. Malori ya kwenda na kurudi yalipita kwetu, naye siku moja akashuka kuomba maji. Maji hayo aliyaomba mara tano ndani ya mwezi mmoja. Mama akasema mtu mwenye kiu ya namna hiyo ama ni mgonjwa ama ana shauri. Basi shauri likatajwa, baba wadogo wakachukua ng'ombe wa mahari, mama akabaki na shamba lake, na mimi nikapelekwa kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mrefu, mkavu, mwenye maneno machache katika Kisukuma na machache zaidi katika Kiswahili. Nilimwita Mayu, yaani mama, kama walivyomwita wanawe. Nilimwogopa, sisemi uongo. Asubuhi nilipiga goti nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, kisha akanionyesha jembe kwa kidevu. Mume wangu aliniambia ndivyo alivyo, nisijali. Ni rahisi kusema nisijali kwa mtu anayerudi zake Geita.

Katika boma lile bibi arusi alipewa kipande chake cha shamba, mwisho kabisa, penye mpaka na jirani. Alikilima peke yake, na mama mkwe hakukikanyaga mpaka siku ya kuvuna. Ilikuwa namna ya kumpa mgeni heshima na kumpima kwa wakati mmoja. Mayu alinifikisha mpakani, akaniambia, "Lima. Nitaona siku ya kuvuna." Akageuka akaenda zake.

Nikalima kwa hasira ya mtu anayetaka kusifiwa. Mtama ulipofika kifuani, chini yake yakaanza kutoka maua niliyokuwa sijawahi kuyaona kwetu: ya rangi ya waridi iliyokolea, yamepangana kwenye kijiti kifupi, mengi, yamesimama kwa madaha kama watoto waliovalishwa kwa ajili ya sikukuu. Nikapiga magoti. Nikasema moyoni, kumbe hata huku Mungu anapita. Kila nilipopalilia nililizungusha jembe nisiyaguse. Magugu mengine nilifyeka bila huruma, lakini yale niliyapalilia kabisa, nikayatolea nyasi miguuni.

Mtama uliokuwa jirani na maua hayo ulidumaa, majani yakalegea kana kwamba una kiu, na mvua inanyesha. Niliona, sikatai. Nikalaumu udongo.

Masika yakaisha, ukaja ule upepo wa kiangazi unaoanza saa nne asubuhi na kuvuma mpaka jua linapoinama. Maua yalikuwa yamekauka yakabaki vifuko vidogo. Nikapasua kimoja juu ya kiganja kutafuta mbegu. Nilichokiona ni vumbi la kahawia, laini kuliko ugoro wa baba mkwe. Nikawaza, hizi haziwezi kuwa mbegu. Nikageuka kupiga chafya, na nilipotazama tena, kiganja kilikuwa kitupu. Mbegu ya mchunga unaiona ikienda, unaweza hata kuiaga. Hizi hazikuacha hata kivuli. Nikafurahi kama mjinga. Nikasema, hili ua halina taabu, kazi yote inafanywa na upepo. Mama atalipenda.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda na kikopo cha bati ambacho baba mkwe alikuwa amekimaliza ugoro. Nilijikunyata, nikauziba upepo kwa kanga, nikakung'uta vifuko kimoja kimoja, mpaka kikopo kikafika nusu. Mume wangu alikuwa nyumbani kwa likizo, na alipojiandaa kurudi Geita nilimkabidhi, kimefungwa ndani ya kitambaa. Njia yake ilipita Kahama na Ushirombo, na ilikuwa lazima ateremke kumsalimu mkwewe.

"Mpe mama mkononi mwake," nikamwambia. "Usimpe mtu mwingine yeyote."

"Nini hiki?"

"Ni siri ya mama na mwana."

Akacheka, akakitia mfukoni, akapanda lori. Maelezo mengine hayakuhitajika. Mama akipokea mbegu kutoka kwangu, angepanda juu ya kichuguu chake, upepo mgongoni, azirushe.

Siku nne baadaye Mayu akaja kuvuna kipande changu. Nilikuwa nimefagia hata njia. Alipita mistari ya kwanza akitikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaanza kuvimba. Kisha akafika penye maua. Akasimama kama aliyemkuta fisi zizini.

"Umeacha?" akauliza.

"Nimeacha, Mayu. Yalikuwa mazuri."

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Aliketi chini palepale, miguu mbele, mpaka nikatamani anitukane. Halafu akainuka, akaniomba ungo. Akafikicha konzi ya mtama kwa viganja, akaitia na makapi yake, akavunjia humo vifuko vitatu vya maua yangu, akasimama penye upepo, akapepeta. Punje zikarudi kwenye ungo. Makapi yakaanguka hatua mbili kutoka miguuni kwake.

"Mtama uko wapi?"

"Kwenye ungo, Mayu."

"Makapi?"

"Yale pale."

"Na mbegu za ua lako?"

Nikatazama ungo, nikatazama ardhi. "Sizioni."

Akanyoosha mkono kuvuka mpaka, kwenye shamba la jirani, na shamba la baada yake, mpaka kule mbali mitama ya watu ilipofanana na ukungu. "Ziko kule," akasema. "Zote."

Ndipo aliponifundisha jina. Kiduha. Akaling'oa shina moja polepole, pamoja na jirani yake mtama, akanionyesha mizizi ilivyokumbatiana. Akasema kiduha hakinywi udongo, kinanyonya mtama wenyewe, tena kikiwa bado chini ya ardhi; ukiliona ua, mtama umekwisha kuliwa. Kikipata mahindi kinakula, kikipata ulezi kinakula. Mbegu yake inaweza kulala ardhini miaka mingi ikingoja shina la kunyonya. Akasema kiduha hung'olewa mapema, kabla hakijafunga mbegu, na aliyechelewa hung'oa alfajiri, umande ukiwa umevifunga vifuko, akakibeba ndani ya gunia bichi mpaka motoni, na hamtembelei mtu shambani kabla ya kufua nguo zake.

Nilisikia mpaka kwenye neno ulezi. Baada ya hapo masikio yaliziba; mengine alinirudia baadaye.

Kichwani nilikuwa namwona mama kwenye kichuguu, kikopo mkononi. Nilimweleza Mayu yote, kikopo, kitambaa, mfuko wa mume wangu, huku nalia makamasi. Nilijua nimemaliza ndoa yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na wala sikujali ndoa. Niliogopa kapu. Niliogopa mama kurudi kwa majirani na kapu, na safari hii aliyemtuma awe mimi.

Mayu alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Mama yako ana mashamba mangapi?"

"Moja."

Akajifunga kanga kiunoni. "Kesho tunakwenda," akasema.

Mtama wake mwenyewe ulikuwa umesimama shambani, umeiva, na ndege walikuwa wamekwisha kuambiana habari. Baba mkwe alijaribu kumkumbusha hilo. Alijibiwa kwa Kisukuma maneno mawili ambayo sikuyaelewa, akarudi kwenye ugoro wake.

Tulipanda lori la magunia ya chumvi, dereva akiwa mtu mnene mwenye maneno mengi aliyepita njia ile ya Geita kila wiki. Mayu hakuwahi kupanda gari. Alikaa juu ya magunia amenyooka kama yuko kanisani, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika kanga yangu nisije nikaanguka. Kila tulipopita shamba la mtama alilichungulia, na nilimwona akihesabu maua kwa midomo. Njiani tulikula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, tukanywa maji ya kibuyu. Nilijaribu kuomba radhi kwa mara ya kumi. Akaniambia nitafune kwanza.

Karibu na kwetu kuna kijito. Dereva alipotushusha, mimi nilikuwa tayari nakimbia. Mayu akanidaka mkono.

"Vua."

"Mayu, mama yuko pale tu."

"Umetoka shambani kwa kiduha. Vua, ufue, uoge na nywele."

Basi hapo, mchana kweupe, mama mkwe na mkamwana tukafua kanga zetu kwa kuzipiga mawe, tukaoga, tukasugua kucha na kukung'uta makapu upande unakoelekea upepo, mbali na mashamba. Wanawake waliokuja kuteka maji walisimama wakatutazama. Mmoja aliuliza kama Wasukuma huoga hivi kabla ya kusalimia. Mayu akajibu kwa Kiswahili chake, "Ndiyo. Kila siku." Nilicheka nikiwa na machozi bado usoni, na yeye pia midomo ilimcheza kidogo.

Tukafika na kanga mbichi zinanata mwilini. Mama alitoka nje, akanitazama, akamtazama mkwe mwenzake, akashika kifua. Mama mkwe kumrudisha mke kwao bila taarifa si habari njema popote.

Kabla sijafungua mdomo Mayu aliniwahi. "Tumekuja kukusalimia, mkwe," akasema. "Nimesema nisife sijamwona aliyenizalia mkamwana."

Mama akapumua. Kigoda kikatolewa, kuku akaanza kukimbizwa. Tulipokwenda kuleta kuni nikamuuliza Mayu mbona hakusema ukweli. Akaniambia nikimwambia mama, kila msimu atalima akiliogopa shamba lake. Tutafute kwanza kikopo kiko wapi. Nikamwelewa, na hapo ndipo nilipoanza kumpenda, kama mnataka kujua siku yenyewe.

Mezani nikauliza kama mume wangu alipita, na kama alileta chochote.

"Alipita," mama akasema, mwenye fahari. "Kijana ana adabu yule. Alisimama nyuma ya nyumba kama inavyopaswa, akanisalimu ukuta ukiwa katikati yetu. Chumvi na sabuni aliviacha kwa jirani. Akaniaga, akaenda."

"Hakukupa kitu mkononi?"

Mama alinitolea macho. "Mkononi? Mkwe wangu mwanamume anipe kitu mkononi? Umesahau tulivyokulea?"

Nikaweka tonge chini. Mimi mwenyewe, Msumbwa mzima, niliyelelewa nikijua mwanamume hamkaribii mama wa mkewe wala hamshiki mkono, nilikuwa nimemwagiza mume wangu jambo ambalo asingeweza kulifanya hata kwa kushikiwa panga. Na nilikuwa nimemkataza kumpa mtu mwingine yeyote. Sasa alifanya nini? Alikitupa? Alikimwaga uani? Alizunguka shambani akakiacha pale, upepo ukafungua kitambaa?

Kabla jua halijachwa tulikuwa shambani. Ulezi ulikuwa umekwisha kuvunwa, mabua tu. Mayu alitembea kila mstari ameinama, na mama akatembea nyuma yake akimweleza shamba lake lote, jiwe kwa jiwe, akidhani mkwe anashangaa ukubwa. Hatukuona kikopo. Lakini kutoona hakukutusaidia kitu, maana mbegu ile haionekani hata ukiwa umeishika.

Yule dereva alikuwa anaendelea Geita asubuhi. Nilimpa ujumbe kwa mume wangu: kile kikopo kiko wapi, na kilichokuwamo kiko wapi, jibu kila kimoja. Tukangoja siku tatu. Mayu hakukaa bure. Alimtwangia mama, akamkandikia ukuta wa jikoni, wakasemezana, mmoja Kisukuma na mwingine Kisumbwa, wakielewana nusu na kuchekana nusu. Kila asubuhi, upepo ulipoanza, Mayu aliacha kazi na kutazama upande wa shamba. Mimi nilikuwa sili.

Siku ya nne lori likapiga honi. Dereva alishuka na kikopo mkononi, kitupu, kinang'aa.

"Mumeo anasema hivi," akaanza, na watu wa barabarani wakasogea kusikiliza, kwa sababu ana sauti. "Anasema hakuweza kumpa mkwewe mkononi, akaona haya, na kwa kuwa ulimkataza kumpa mtu mwingine, akaenda nacho mpaka Geita. Huko akakifungua, akaona ni ugoro. Akashangaa mke wake anamtumia mama yake ugoro, lakini hakutaka kuuliza mambo ya wanawake. Akanusa. Akawagawia wenzake sita. Anasema ni ugoro usio na nguvu kabisa, hauchomi, hautoi hata chafya. Wamemcheka kambi nzima. Uliobaki ameumwaga kwenye lundo la mawe ya mgodi, na anakuomba usimnunulie mama ugoro tena bila ushauri wake."

Nilikaa chini barabarani. Nililia na kucheka pamoja, na dereva akadhani ameleta msiba. Mayu alikichukua kikopo, akakitazama ndani, akakisugua kwa kidole, akakinusa, halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia: alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, akarudia neno "sita" mara kadhaa. Mama alituuliza kulikoni. Tukamwambia ni mambo ya ugoro. Mpaka anafariki, uzee ukiwa umempata na shamba lake likiwa zima, mama aliamini nilivutwa kidogo na tabia mbaya nilipoolewa.

Tulirudi na lori la magunia matupu. Upande wa Kahama gurudumu likapasuka, watu wote tukashuka. Pembeni ya barabara kulikuwa na shamba la mtama la mtu, na ukingoni kabisa lilisimama ua moja la kiduha lililochelewa, bado lina rangi yake yote. Nikageuza uso kwa aibu.

Mayu alilifuata. Akachuchumaa mbele yake, kanga ameikunja magotini, akalitazama kwa muda mrefu. Nikamsogelea nikidhani magoti yamemshinda kuinuka.

"Ni zuri," akasema, bila kugeuka. "Tangu naolewa ninaling'oa, na ni zuri. Sijapata kumwambia mtu."

Nikachuchumaa kando yake. Tukalitazama wote wawili mpaka dereva alipotuita.

Kisha akalowesha ncha ya kanga kwa maji ya kibuyu, akalifunika ua taratibu ili lisitikisike, akaling'oa na mizizi yake.